Maswali ya Wasomaji: Bingwa wa Macho Yuko Mombasa, Mama Yuko Faza

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka Lamu na visiwa vyake, nami nimechagua nne ambazo, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo lile lile: mtu anayeishi ng'ambo ya maji atampataje daktari anayestahiki ugonjwa wake, na afanye nini ili asiugue zaidi kabla ya kumfikia? Nimefanya kazi ya uuguzi visiwani kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, kwa hiyo swali hili nalijua kutoka upande wa kitanda cha mgonjwa na pia kutoka ndani ya boti.

*Assalamu alaykum, Bi. Mshauri. Mama yangu ana umri wa miaka 61, na huu ni mwaka wa 9 tangu agunduliwe kuwa na ugonjwa wa sukari. Tangu Ramadhani iliyopita amekuwa akisema anaona kama kuna ukungu, na juzi alimimina chai nje ya kikombe, ikamwagika mkekani bila ya yeye kujua. Jirani anatuhimiza tumpeleke moja kwa moja Mombasa kwa daktari bingwa wa macho. Nauli, malazi na gharama za hospitali zinatutisha, wala hatumjui daktari yeyote huko. Tuanzie wapi? — Binti wa Faza*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Ile chai iliyomwagika mkekani ndiyo iliyonifanya niiweke barua yako juu ya zote, kwa sababu mtu mwenye sukari anaweza kupoteza uwezo wa kuona kidogo kidogo bila maumivu yoyote, na jamaa zake wakadhani ni uzee tu. Mama anahitaji kuonwa na mtaalamu wa macho, na jirani yako hakukosea katika hilo. Nisichokubaliana naye ni hilo la kwenda moja kwa moja. Safari ya kwa bingwa huanzia hapo hapo Faza, katika hospitali yenu, na msipopitia hapo mnaweza kulipa nauli mara mbili.

Nakumbuka mzee mmoja wa kisiwa cha Pate aliyeuza mbuzi wake wawili ili apelekwe kupasuliwa mtoto wa jicho. Alifika baada ya siku mbili za boti na basi, akapimwa damu, sukari ikakutwa 19, akaambiwa kwamba upasuaji hauwezekani mpaka ishuke. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha dawa anazotumia, wala mwanawe aliyempeleka hakuzijua kwa majina. Wakarudi kama walivyokwenda. Sukari ile ingeweza kupimwa na kushughulikiwa nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari, na mbuzi wale wasingeuzwa bure.

Kwa hiyo mpeleke mama kwanza kwa tabibu wa hapo, yaani afisa wa kliniki (clinical officer), naye ampime sukari, presha, mkojo, na uwezo wa kuona kwa ule ubao wa herufi, jicho moja moja. Kama kipimo cha sukari ya miezi mitatu kinapatikana, kiombeni, kwa maana hicho hakidanganywi na mlo wa jana. Sukari inayopanda na kushuka ovyo inaweza yenyewe kuleta ukungu wa macho unaopungua ikitulizwa. Lakini yapo mambo mengine matatu ambayo tabibu atayafikiria, na ni vyema nawe uyaelewe. La kwanza ni mtoto wa jicho, yaani kioo cha ndani ya jicho kinapopata weupe. Huyu hutolewa kwa upasuaji mfupi, na wengi hurudi kuona vizuri. La pili ni presha ya macho, ambayo huua mshipa wa kuonea polepole, na kilichokwisha kupotea hakirudi; dawa huokoa kilichobaki tu. La tatu, ambalo ndilo ninalolihofia zaidi kwa mtu mwenye sukari ya miaka 9, ni kuharibika kwa mishipa midogo ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Hapo tiba huwa ni miale ya leza au sindano, na kazi yake kubwa ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Ndiyo maana kila mwenye sukari ya ukubwani hutakiwa kupimwa retina siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri kabisa.

Ukiona mojawapo ya haya, usingoje miadi wala barua: jicho limeacha kuona ghafla, kuna kama pazia linaloteremka, vimulimuli vimezuka kwa wingi, au jicho ni jekundu, linauma sana na mama anatapika. Hiyo ni dharura ya siku ile ile.

Kama hakuna dharura, ombeni barua ya rufaa, na msiondoke na kijikaratasi chenye neno moja la "macho". Barua nzuri hueleza ugonjwa ulianza lini, inaorodhesha dawa zote kwa majina na vipimo vyake, inataja matokeo ya sukari, presha na mkojo pamoja na tarehe zake, na ina swali bayana ambalo bingwa anatakiwa kulijibu. Mwombe tabibu vilevile apige simu kabla ya ninyi kuondoka. Aulize kwanza Hospitali ya King Fahd mjini Amu, na aulize pia kama kuna kliniki ya macho ya kutembelea inayotarajiwa kuja karibu, kwa kuwa wataalamu wa macho wa Pwani wana desturi ya kutoka na kuwafuata wagonjwa, na huenda mkaepuka safari ndefu. Jueni pia kwamba hapa Kenya wapo matabibu waliosomea upasuaji wa mtoto wa jicho, na mkono wao ni mzuri. Si lazima anayepasua awe ni daktari bingwa. Ikibidi kuvuka, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko Mombasa, na kuna hospitali zinazoshughulika na macho peke yake, kama vile Kwale Eye Centre, iliyoko kusini mwa kivuko cha Likoni. Ulizeni siku za kliniki ya retina, maana si kila siku ya macho ni siku ya retina.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondoka na mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mama ajisajili kwa kupiga *147# akiwa na kitambulisho chake. Kujisajili peke yake kunatosha kwa huduma za zahanati na kituo cha afya, lakini kwa matibabu ya hospitali kubwa na upasuaji ni lazima mchango uwe umelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, akakadiriwa kiasi kisichopungua Sh300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka. Fanyeni haya mkiwa bado nyumbani, kwa sababu foleni ya hospitali si mahali pa kuanza kujaza maswali ya bima. Na mnapopiga simu hospitali, ulizeni ni sehemu gani ya matibabu ya macho inayolipiwa na ni sehemu gani mtakayoitoa mfukoni.

Sasa safari yenyewe. Daktari wa retina atamtia mama matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa baadaye ataona kwa taabu na mwanga utamchoma. Nimewahi kumshika mkono mama mmoja aliyetoka kliniki mchana akataka kushuka ngazi za gati siku hiyo hiyo, maji yamekupwa, ngazi za chini zina utelezi wa mwani, naye haoni ngazi inaishia wapi na boti inaanzia wapi. Panga mlale huko usiku mmoja, chukua kofia pana au miwani ya jua, na mama asisafiri peke yake. Kama anatumia insulini, chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki 4 mradi joto lisizidi nyuzi 30. Msiiache juani kwenye sitaha, wala msiilaze juu ya barafu, kwa maana ikiganda imeharibika. Ndani ya kijungu cha udongo chenye kitambaa kibichi hukaa vizuri. Boti hufuata maji na basi hufuata barabara, kwa hiyo chakula kinaweza kuchelewa: akianza kutoka jasho, kutetemeka au kusema maneno yasiyoeleweka, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, maadamu anaweza kumeza.

Jambo la mwisho kwako, mwanangu. Kabla ya kuondoka kwa bingwa, omba aandike alichokiona na tarehe ya kurudi, na ikiwezekana tarehe hiyo isiangukie kwenye kusi kali, kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo kuvuka humtia hofu hata mwenye macho mazima. Na Ramadhani ijayo, mama amwone tabibu wiki 6 hadi 8 kabla ya kufunga ili dawa zipangwe upya; ukungu ulioanza katika mfungo unanifanya nishuku kwamba dawa zilibadilishwa saa bila ushauri.

*Karibu na forodha ya Amu kumebandikwa tangazo kwamba "daktari bingwa wa moyo, figo na mishipa" atakuwa katika nyumba ya wageni kwa siku mbili. Ada ni Sh1,500, na ana mashine inayopima mwili mzima kwa kushika chuma mkononi. Nina presha, na dawa za hospitali nimezichoka. Niende? — Mzee wa Mkomani*

Usiende, mzee wangu, na fedha hizo zinunulie dawa. Hakuna chuma cha kushikwa mkononi kinachoweza kujua hali ya figo. Figo hujulikana kwa kupima kreatinini katika damu na protini katika mkojo. Moyo hujulikana kwa kipimo cha umeme wa moyo na kwa kile cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo ukipiga. Mashine inayodai kujua yote kwa dakika moja huishia na karatasi yenye rangi nyingi na kifurushi cha dawa za kuuziwa hapo hapo, na nimewaona watu walioacha dawa zao za presha kwa sababu karatasi hiyo iliwaambia wamepona.

Ubingwa una njia yake ndefu. Mtu husoma udaktari kwa takriban miaka 6, akatumika hospitalini mwaka mzima chini ya uangalizi, kisha akarudi chuoni kwa miaka isiyopungua 3 au 4 kusomea fani moja. Majina ya madaktari huwekwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na leseni yao huhuishwa kila mwaka. Muulize mtu huyo jina lake kamili na nambari yake ya usajili, kisha mpe mjukuu mwenye simu aitafute katika orodha ya baraza hilo kwenye intaneti. Daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa. Akiwa ni tabibu, baraza lake ni jingine, la matabibu, na hilo halimpunguzii heshima. Linalopunguza heshima ni kujiita usiyekuwa.

Sitaki udhani kwamba kila anayekuja na boti au kupanga meza nje ya hospitali ni tapeli. Safari Doctors, waliotokana na juhudi za Umra Omar, mwana wa Lamu aliyetajwa miongoni mwa mashujaa kumi wa CNN mwaka wa 2016, wamekuwa wakifikisha matibabu kwa boti katika vijiji ambavyo hata sisi wauguzi tulivifikia kwa nadra. Kambi ya kweli hujulikana na idara ya afya ya kaunti, humwachia mgonjwa maandishi, na humwambia aende wapi akishaondoka daktari. Tangazo uliloniandikia halina hata moja kati ya hayo.

Ama kuchoka na dawa, naomba unisikilize kwa hili zaidi ya yote. Presha haina dalili ya kukujulisha kwamba imepanda. Mtu hujiona mzima mpaka siku ya kiharusi. Tangu mwisho wa mwaka wa 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, basi mwombe wa mtaa wenu akupime nyumbani, ukiwa umekaa na kupumzika dakika 5, na uandike kila kipimo daftarini. Kikiwa mara kwa mara ni 140 kwa 90 au zaidi ilhali unameza dawa, rudi kliniki ukabadilishiwe. Kama dawa zina maudhi, sema ni maudhi gani: kikohozi kikavu, miguu kuvimba na kwenda haja kila mara ni maudhi ya dawa tofauti, na kila moja ina mbadala. Ikiwa dawa tatu hazikushusha presha, au vipimo vya figo vimeanza kuharibika, hapo ndipo bingwa anapohitajika, nawe utakwenda na daftari lako mkononi. Punguza pia ng'onda na achari. Najua nakuomba jambo zito kwa mtu wa Amu, lakini ng'onda ikirowekwa na maji yakamwagwa mara mbili kabla ya kupikwa, chumvi nyingi huondoka nayo.

*Nina miaka 34 na watoto wanne. Nimesikia habari za kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, lakini naona haya kuvuliwa mbele ya daktari mwanamume, na nimeambiwa bingwa wa wanawake aliye karibu ni mwanamume. Je, ningoje? — Mama wa Langoni*

Usingoje, dada yangu, na haya yako wala si kizuizi, kwa sababu kipimo hiki hakihitaji bingwa. Hufanywa na muuguzi, na katika kliniki za uzazi wauguzi wengi ni wanawake. Utalala kitandani ukiwa umejifunika shuka, muuguzi atapakaza mlango wa kizazi maji yenye asidi ile ile ya siki, angoje dakika moja, kisha aangalie kama pana weupe. Yote huisha kabla ya chai kupoa. Mahali penye kipimo cha HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani hii, ambacho ndicho kipimo bora zaidi, huchukuliwa ute kwa pamba, na baadhi ya vituo hukuruhusu uuchukue mwenyewe. Omba muuguzi mwanamke unapoandikisha jina. Ni haki yako, nawe huna haja ya kueleza sababu. Weupe ukionekana, mara nyingi hutibiwa kabla haujawa saratani. Na kama una binti aliyefikisha miaka 10, apate chanjo ya HPV, ambayo hutolewa na serikali bila malipo tangu Oktoba 2019.

*Nilipata homa kali miezi miwili iliyopita, malaria haikuonekana, homa ikaisha lakini vifundo na magoti hadi leo vinaniuma hata kuvuta jarife siwezi. Kuna bingwa wa viungo Pwani? — Mvuvi wa Kizingitini*

Ndugu yangu, homa inayoondoka na kuacha maumivu ya viungo, Lamu inaijua. Mwaka wa 2004 chikungunya, homa ya kirusi inayoletwa na mbu, ilienea kisiwani Amu kiasi kwamba uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa watu 3 kati ya kila 4 waliambukizwa. Siwezi kusema kwa barua kuwa ndiyo uliyo nayo, na tabibu itambidi aangalie pia magonjwa mengine ya viungo, lakini maumivu ya chikungunya huweza kudumu kwa miezi, na wengi hupona kwa dawa za maumivu na mazoezi mepesi bila ya kuonana na bingwa. Vikiwa vimevimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na miezi mitatu ikapita, omba rufaa. Na siku nyingine homa ikiwa ndiyo kwanza imeanza, tumia panadoli, usiguse aspirini wala dawa kali za maumivu mpaka homa ya dengi iondolewe shaka, kwa kuwa dengi huweza kuleta kutoka damu.

Mbu wa magonjwa haya huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Huzaa katika maji safi ya nyumbani, na maradhi yale ya 2004 yalikuja wakati wa ukame, watu wakihifadhi maji katika vyombo vilivyo wazi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta za pipa kwa brashi kila wiki, kisha ufunike. Kwa birika la maji la kujengwa ambalo haliwezi kumwagwa, wazee wetu walitia samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chungulia birika lenu asubuhi, jua likiingia: kama unaona viluwiluwi vinapanda na kushuka na samaki humwoni, tafuta wengine watatu au wanne kwa jirani leo hii.